Mchana wa kipupwe

Kipupwe kikiingia Tanga, wa kwanza kukitangaza ni bodaboda. Juzi kijana alikuwa na fulana. Leo kavaa jaketi la theluji. Sitanii. Ni jaketi lililoshonwa kwa ajili ya nchi za barafu, lina manyoya kwenye kofia na mifuko ya ndani isiyo na kazi huku kwetu, limekuja na belo la mitumba likaishia mgongoni mwa kijana wa Makorora ambaye theluji anaijua kwa televisheni. Zipu imefika kidevuni. Nyuma kampakia Mzungu wa kaptura na makubazi, uso mwekundu, anafuta jasho kwa kiganja. Wanapita mbele yangu kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Nyumbani kwetu mtangazaji ni shangazi. Mwezi wa sita ukifika katikati, kanga mbili zinakuwa tatu, halafu linatolewa sandukuni sweta la kahawia linalonukia karafuu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ingia upesi, rudisha mlango, usiniletee kusi ndani."

Simu yangu inasema nje ni nyuzi 26. Nikimwambia, ananijibu kwamba simu haina mifupa.

Nawaelewa wote, ila sikubaliani na hii tabia yetu ya kukipokea kipupwe kwa manung'uniko. Tunafunga madirisha, tunaulizana asubuhi "umeamkaje na baridi hii?", tunameza vidonge vya mafua, halafu mwezi wa kwanza fukuto likirudi tunakaa barazani kujipepea na kusema mji huu haukaliki. Miezi ileile ambayo ulikalika tuliipitisha tumejikunyata. Mimi nasema kipupwe ndicho kinachotupa Tanga yetu, tena kwa maana ya wazi kabisa: kinaturudishia mchana.

Fikiria Februari. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni mtu wa hapa hana mji. Ana kivuli alichokipata na anakishikilia. Mwenye duka kasinzia juu ya mizani, mteja hataki hata kuuliza bei, mbuzi wamejibana kwenye ukuta. Ukilazimika kutoka, unahesabu miti njiani, huu wa kwanza, ule wa pili, na kutoka mti hadi mti unakwenda mbio. Nyumbani feni inazungusha hewa ileile ya moto na kula uniti za LUKU, na umeme ukikatika mtaa mzima unatoka nje bila kuitwa. Siku yetu inakatwa vipande viwili, kimoja cha alfajiri na kingine cha jioni, na katikati pana shimo. Ndiyo maana mgeni akija mwezi ule anatuona watu wa polepole. Si upole, ni hesabu.

Kwa tarakimu tofauti haionekani kubwa. Februari joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haliteremki sana chini ya 24. Julai mchana ni kama 28, na alfajiri inaweza kushuka hadi 20. Ni nyuzi nne au tano, ambazo Msambaa wa Lushoto, anayelala na mablanketi mawili mwezi wa saba, huwa anatucheka nazo akishuka mjini. Lakini joto la pwani halipimwi kwa nyuzi peke yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na upepo umelala, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Linakaa tu. Kipupwe kinakuja na upepo wa kusi, na kusi inakukausha kabla hujalowa. Nyuzi 28 zenye upepo na nyuzi 32 zisizo na upepo ni nchi mbili tofauti.

Upepo wenyewe unatoka mbali. Miezi hiyo jua limehamia kaskazini ya dunia, huko kusini ni majira ya baridi, na juu ya Bahari ya Hindi ya kusini hewa nzito hukaa na kusukuma pepo kuelekea kwetu. Zinapita juu ya maji yaliyopoa, zinafika hapa kutoka kusini na kusini mashariki, tangu mwezi wa nne hivi hadi wa tisa au wa kumi. Mwanzoni zinachanganyika na masika na hatuzishukuru, kwa kuwa tunazihesabu kuwa ni mvua. Masika ikishapita, Juni hadi Agosti, zinabaki zenyewe, pamoja na vijimvua vya mchoo vinavyotoka baharini asubuhi, vinalowesha kanga kwenye kamba na kuondoka kabla hujafika kuzianua.

Jua nalo linakaa pengine. Tanga iko nyuzi tano kusini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana husimama juu ya utosi na kivuli chako unakikanyaga. Julai ni habari nyingine. Jua liko upande wa kaskazini, limeinama, na hata adhuhuri mwembe wa mita kumi unatupa kivuli cha zaidi ya mita tano upande wa kusini. Shangazi hajawahi kusoma haya popote, ila kiti chake kinayajua. Desemba anakaa kwenye baraza ya mbele, inayotazama kaskazini. Julai jua linaingia hadi mlangoni pale mbele, na badala ya kulikimbia anakwenda kulikalia, miguu juani, kichwa kivulini, sweta limefungwa vifungo vyote. Ukimuuliza anasema anaota jua. Ukimuuliza kama basi hali ya hewa si nzuri, anakwambia usimchokoze.

Mimi ni mwalimu, na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humohumo, Juni na siku za mwanzo za Julai. Sabasaba hiyo, Nanenane inafuata mwezi mmoja mbele. Ninachokifanya si kikubwa: baada ya adhuhuri, saa ambayo Februari ningekuwa nimelala chini kwenye sakafu, natembea kutoka Ngamiani hadi Raskazone. Wakati mwingine na watoto wa ndugu yangu, mara nyingi peke yangu.

Ngamiani mitaa yetu mingi haina majina ya mashujaa, ina namba: barabara ya saba, ya nane, ya kumi na mbili. Mchana wa kipupwe barabara hizo zina watu. Mafundi cherehani wametoa mashine zao nje, upepo unawapeperushia vitambaa na wanavikandamiza kwa kiwiko huku mguu haukomi kukanyaga. Mwanamke kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi kibarazani, anaongea na jirani wa ng'ambo ya barabara bila kupandisha sauti sana, kwa kuwa hakuna feni zinazounguruma. Wazee wako kwenye bao. Watoto wanacheza rede katikati ya njia na kuwapisha waendesha baiskeli kwa shingo upande. Baiskeli ndizo nyingi kuliko chochote. Mji huu ni tambarare na watu wake wameupenda usukani wa baiskeli tangu zamani, na kipupwe hata mwenye shati jeupe la ofisini anapanda, kwa sababu atafika nalo likiwa jeupe.

Unavuka reli. Wajerumani walianza kuijenga hapa 1893, ikapanda polepole kwa kituo na kituo hadi kufika Moshi 1911. Ng'ambo ya reli mji unabadilika: nyumba zinaachana, miti inakuwa mikubwa, barabara pana. Sitaki kuusifia sana upande huu, maana sababu ya upana wake ni kwamba wakoloni walijitengea sehemu yenye upepo na kutuachia sehemu yenye joto. Walijua walichokuwa wanachagua. Hata hospitali yao waliijenga Bombo, juu ya genge linalotazama bahari, na jengo lile la zamani bado limesimama na veranda zake ndefu zilizokusudiwa kukamata hewa. Kutoka bustani ya mjini yenye mnara wa saa unaiona bandari chini, na katikati ya ghuba kisiwa cha Toten, kichaka kitupu kwa mbali, ingawa ndani kina magofu ya misikiti na makaburi.

Kutoka Bombo hadi Raskazone ndipo ninapopunguza mwendo. Barabara inafuata pwani, upande mmoja nyumba za bustani kubwa, upande mwingine bahari inachungulia kati ya miti. Mibuyu inaanza kupukutika. Upepo unapita juu kwenye vilele, unasikika kabla hujakufikia. Nakutana na watu wa kila aina ambao mchana wa Februari usingewaona: wanafunzi wa likizo wamejipanga barabara nzima, mama na binti wamebeba kapu, wanaume wawili wenye makoti wanaongea habari za kiwanja, kijana anakimbia. Anakimbia, saa nane mchana! Mtu akikimbia saa hiyo Februari tunadhani kaibiwa, au kaiba.

Njia hii hii, kwa mwelekeo wa kinyume, ndiyo iliyopitwa na jeshi la Uingereza mwanzoni mwa Novemba 1914. Walishushwa Raskazone askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, waliochoka na safari ndefu ya meli, wakaambiwa waende kuuteka mji. Upande wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwako kama 1,000, sehemu kubwa askari Waafrika. Wavamizi wakashindwa vibaya, wakarudi melini na kuacha bunduki na risasi nyingi nyuma. Katikati ya mapigano nyuki walichokozwa na kuwashambulia watu, na hadi leo vita vile vinaitwa vya nyuki. Wanahistoria wana sababu zao: majemadari wazembe, msitu usiojulikana, mashambulizi ya pembeni. Mimi naongeza moja ya mwenyeji. Hakuna mtu anayetembea kutoka Raskazone hadi mjini na mzigo mgongoni mwezi wa kumi na moja akafika na akili timamu.

Bahari ya kipupwe watu wanaiogopa bure, au tuseme wanaiogopa mahali pasipostahili. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki. Raskazone ni ulimi wa ardhi uliotoka upande huo, kwa hiyo upepo unauvunja mgongo kwanza, na ghuba iliyo nyuma yake, upande wa kaskazini, inabaki imetulia. Ukienda Mwambani, ambako pwani inaitazama bahari kuu uso kwa uso, utakuta mawimbi, povu na mchanga wa kuruka machoni. Siku hiyohiyo, Raskazone, watoto wanaoga. Maji yenyewe mwezi wa nane ni kama nyuzi 25, ambayo si baridi kwa kiumbe yeyote mwenye damu. Baridi iko kwenye kutoka. Ukitoka majini umelowa, kusi inakukuta, na meno yanagongana kwa dakika mbili. Dawa yake ni shuka kavu iliyoachwa karibu na mtu wa kuishika, na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Jambo la kuangalia ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita tatu. Siku hizo ndizo za kuoga jioni: maji yamefika kwenye ngazi, unashuka tu umo. Wiki moja baadaye, maji mafu, saa kumi unakuta yamerudi nyuma, na hata yakijaa hayajai kwa moyo. Wageni wanaokuja bila kuuliza wanalaumu ufukwe. Asubuhi ya bamvua nayo ina raha yake, kwa mwenye viatu vigumu: bahari imeondoka, miamba iko wazi, wanawake na watoto wanatafuta pweza na chaza kwenye vidimbwi, na unaweza kutembea mahali ambapo jioni utaogelea. Februari kazi hiyo inafanywa kwa kukimbizana na jua. Kipupwe unaifanya kwa kupiga soga.

Sasa chungwa. Nimejizuia mpaka hapa, ila makala ya kipupwe cha Tanga bila chungwa la Muheza ni uongo.

Muheza haiko mbali, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa basi, na msimu wake mkubwa wa machungwa unakutana na baridi. Malori yanatoka yamejaa kwenda Dar es Salaam na Kenya, na yanayobaki yanatujia sisi, kwa magunia, kwa matenga ya nyuma ya baiskeli, kwa mikokoteni inayosimama kila kona. Bei inaporomoka hadi mtu unaona haya kupatana. Mgeni kutoka nchi za mbali atayatazama na kusema hayajaiva, maana ni ya kijani. Yameiva. Ganda la chungwa linahitaji usiku wa baridi ya kweli ndipo liache ukijani na kugeuka rangi, na baridi yetu, shangazi anisamehe, haifiki hapo. Ndani ni tamu, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko.

Muuzaji analimenya kwa kisu kidogo kilicholika kwa kunolewa, ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika, anaacha ile nyeupe ili lisipasuke mkononi, anakata kofia ya juu, na akiwa mjuzi anakuuliza: "Kwa chumvi na pilipili?" Jibu ni ndiyo. Unalifyonza ukitembea. Kuna wanaolikata vipande na kula kwa staha kwenye sahani, na sina la kuwaambia. Chungwa la kipupwe ni la kuliwa umesimama, juani, upepo unakupiga, mikono inanata, na ukimaliza unatafuta bomba la mtu.

Nilimpelekea shangazi kumi na mbili. "Chungwa lina baridi," akasema, "unataka nikohoe?" Akayaweka kwenye beseni juani. Jioni yalibaki matano, na nyumbani tulikuwa wawili tu.

Mahindi ya kuchoma nayo hutoka wakati huo, baada ya mvua kufanya kazi yake. Muhogo wa kukaanga upo mwaka mzima, ila mwezi wa saba unaweza kumsogelea mpishi na karai lake bila kujuta. Nayapita haya haraka, msomaji wa pwani anayajua.

Baiskeli nimeigusa, lakini safari ninayoipenda kuliko zote inataka maneno zaidi. Ni ya Tongoni, kilomita kama 17 kusini, kwa barabara ya Pangani. Siri yake ni upepo. Unapokwenda kusi iko usoni. Unakanyaga, unainama, unaongea peke yako, unafika umechoka kwa haki. Wakati wa kurudi upepo huohuo unakushika kiunoni na kukuleta mjini, na miguu inafanya kazi ya heshima tu. Ukifanya safari hii Januari mambo yanapinduka, upepo wa kaskazi unakupeleka mteremko asubuhi na kukusubiri mchana, juani, kilomita zote za kurudi. Mtu akiisha kuonja hivyo harudii.

Njiani unapita jirani na Machui. Shaaban Robert alizaliwa upande huo, Vibambani, 1909, na Machui ndipo alipozikwa 1962. Nilikwenda na wanafunzi mwaka mmoja. Walichokumbuka zaidi ni kwamba njia ilikuwa na vivuli.

Tongoni kwenyewe ni magofu ya msikiti na makaburi kwa makumi, mengine yana nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Nyasi fupi, mibuyu, bahari hatua chache. Ni mahali ambapo watu waliishi kwa kuzifahamu hizi pepo mbili. Jahazi zilikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na India, zikauza, zikanunua, zikangoja kusi iziteremshe nyumbani. Asiyejua kungoja aliadhibiwa. Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi na rubani mwenye ujuzi, kusi ndiyo inaanza, akafika Kalikuti kwa siku kama 23. Kurudi hakuwa na subira. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, upepo haujageuka, na Mogadishu hakuiona mpaka Januari 1499. Miezi mitatu baharini, kiseyeye kikawamaliza mabaharia wake, hata wakabaki wachache wasiotosha merikebu tatu. Ikabidi moja, São Rafael, ichomwe moto, na ilichomwa kwenye miamba ya pwani hii hii ya Mtang'ata. Nikiwa nimekaa pale chini ya mti na chungwa langu, nikingoja miguu ipumzike kabla ya kurudi na upepo mgongoni, huwa sijisikii mvivu hata kidogo.

Usiku wa kipupwe unahitaji shuka, na hilo tu ni anasa. Feni imezimwa, kwa hiyo unasikia mji. Minazi inavuma, paka wanagombana juu ya bati, meli inapiga honi bandarini. Nje, mpaka saa nne, watu wamemzunguka muuza kahawa, si kwa ajili ya kahawa peke yake bali pia makaa yaliyo chini ya dele. Vikombe vinagonganishwa, kashata inavunjwa vipande, mmoja kajifunga kikoi shingoni, mwingine kaja na lile jaketi la theluji, na mazungumzo yote ni ya baridi. Kwamba mwaka huu imezidi. Kila mwaka imezidi. Alfajiri jua linachelewa kidogo, linatoka mnamo saa kumi na mbili na nusu, na majani yana umande. Nikitoka kwenda kununua maandazi natembea kwenye nyasi kwa makusudi.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam huja Desemba. Nawaelewa, shule zimefungwa kwa muda mrefu, kuna sikukuu, ofisi zinatoa ruhusa. Wanafika na watoto, wanataka kuonyeshwa Tanga, na tunawaonyesha saa za jioni tu kwa sababu ndizo tulizonazo. Baada ya siku tatu watoto wametoka harara shingoni, wakubwa wamejazana mbele ya feni moja, na wanaanza kuulizia basi. Tanga waja leo waondoka leo, msemo unatimia kwa sababu ambayo haikukusudiwa. Kila mwaka nawaambia: njooni Julai. Mtalala vizuri, mtatembea mchana, chungwa mtakula bure. Wanasema Julai Tanga kuna baridi. Nani kawaambia? Shangazi, kwa simu.

Lakini haki ya kumsikiliza mwingine iko palepale. Jirani yetu ni mvuvi, na kwake kipupwe ni miezi ya njaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, mimi nasikia habari za kukausha nguo. Yeye anasikia kwamba mtumbwi utalala juu. Nje ya ghuba hakuendeki kwa chombo kidogo. Wanaothubutu wanarudi na kidogo, na ukienda Deep Sea, sokoni kwetu kwa samaki, unakuta meza nusu tupu na changu wa kiganja anauzwa kwa bei ya jodari. Nimemsikia akimwambia shangazi, ambaye kwa hili wamekuwa chama kimoja, "Bi mkubwa, mwache mwalimu apunge upepo, mshahara wake hautoki baharini." Sikuwa na jibu. Ni kweli.

Yeye anahesabu hadi Oktoba, kusi ichoke, kaskazi haijaanza, bahari ilale na kuwa kioo, mashua zitoke hadi mbali usiku wa giza na kurudi zimeshiba. Wakati huo na mimi nitaanza kuhesabu miti njiani. Tumekubaliana kwamba siku ya kwanza atakayotoka ataniletea nguru, na mimi namlimbikizia machungwa. Kwa sasa, nyumba zote mbili, tunakula maharage ya nazi.